Mayai ya Ludara

Arua, Ijumaa mchana

Neema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Pajulu kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nina mchana mzima. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kuficha simu ukishuka Kampala, shangazi yako ameyasema mpaka umeziba masikio. Mimi sina la kuongeza. Barua hii nitaiweka ndani ya kompyuta yako, juu ya vibonye, halafu nifunge. Najua basi halitafika hata Nebbi kabla hujaifungua.

Hii ni karatasi ya tano. Zile nne nimezichana. Kila moja nilianza na utoto wangu, jinsi babu yako alivyotuvusha kutoka Aru, upande wa Kongo, jinsi nilivyosoma kwa taabu, na kila mara nikajikuta natafuta huruma kabla sijataja kosa. Basi naanza na uongo wa Jumatatu, maana huo bado mbichi.

Jumatatu ulikuwa unanakili mafaili yangu ya zamani uende nayo. Ukakuta programu ya ile mashine ya kutotolesha vifaranga niliyowatengenezea akina mama wa Ludara, kule Koboko, ulipokuwa na miaka tisa. Ukakuta ziko mbili, ya kwanza na ya pili, ukaziweka sambamba kama nilivyokufundisha, ukazisoma mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa jikoni. Ukaniita.

"Mama, hii ya kwanza iko na kosa. Umeme ikikatika inasahau siku. Inaanza upya kama mayai imewekwa leo."

Ulitumia dakika tano, labda sita. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kisha ukaniuliza, "Uliona lini?" Nikasema, "Mbele ya kupeleka." Ukacheka, ukasema ndiyo maana watu wananiita injinia. Nikarudi kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Neema, nilikudanganya. Sikuliona kosa kabla ya kupeleka mashine. Nililiona baadaye, mayai yakiwa yamekwisha kufa yote, na nilipoliona nikanyamaza, na lawama ikamwangukia mtu mwingine. Mtu huyo ni Mama Asina, yule mjane anayesuka vifuniko vya chakula. Unamjua. Umekua ukisikia kwamba ana macho mabaya. Ulisikia hivyo mimi nikiwa nimekaa karibu yako, na sikufungua mdomo.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Wakati ule nilikuwa fundi wa redio na simu, kibanda karibu na soko, mwanamke peke yangu kwenye safu nzima ya mafundi. Wateja walikuwa wananiuliza fundi amekwenda wapi. Nilijifunza kuandika programu kwenye mafunzo mafupi ya jioni, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu, na nilipoweza kuwasha taa moja kwa mstari niliouandika mwenyewe, nilikuamsha usingizini nikuonyeshe. Ulisema "Hata swichi inawasha," ukalala tena.

Akina mama wa Ludara walinifuata baada ya kusikia. Mwenyekiti wao Mama Keji alitaka mashine ya mayai, maana kuku wao waliatamia walipopenda wenyewe na kikundi hakikuweza kupanga lolote. Seremala akatengeneza sanduku lenye kuta mbili, katikati maranda. Mimi nikatia akili: kipimajoto, mota ya kugeuza trei, na kile kibao kidogo chenye programu. Siku nilipoifikisha, Mama Keji aliniita Injinia mbele ya watu wote. Sijawahi kunywa pombe, lakini jina lile nililinywa nikalewa.

Sasa kuna desturi moja ambayo bila hiyo haya yote yasingempata Mama Asina. Wanawake wale husema kuku anayeatamia asichunguliwe na kila mpita njia. Achunguliwe na mtu mmoja, tangu siku ya kwanza mpaka kuangua. Macho mengi huyafanya mayai kuwa viza. Mashine ilipofika wakaipa heshima ileile ya kuku. Ilikuwa na kidirisha cha kioo, wakakifunika kwa kitambaa, wakamchagua mtu mmoja awe jicho lake. Wakamchagua Mama Asina kwa sababu nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa kibanda cha kikundi, na kwa sababu alikuwa mtulivu. Yeye hakuwa mtu wa Ludara. Alikuwa Mnubi wa Koboko mjini, aliyeolewa Ludara na akabaki baada ya mumewe kufa. Sikuona ubaya wowote kwenye desturi ile. Nilifurahi hata, kwamba mtu mmoja tu ndiye nitakayemfundisha.

Programu yenyewe umeiona, lakini nataka uisome kwa mkono wangu. Ilikuwa na kigeu kimoja nilichokiita hatua, kijisanduku cha kukumbuka tumefika wapi. Kama hatua ni moja, geuza trei kila baada ya saa tatu, kama kuku anavyogeuza mayai yake kwa mdomo. Siku ya kumi na nane ikitimia, hatua iwe mbili. Kama hatua ni mbili, acha kugeuza, ongeza unyevu, mwache kifaranga atulie atafute pa kutobolea. Mistari yenyewe ilikuwa mizuri. Nilikuwa naisoma peke yangu na kutabasamu.

Na kigeu lazima kianzie mahali fulani, kwa hiyo juu kabisa niliandika kwamba hatua ni moja na siku ni sifuri. Hapo ndipo nilipoua. Nilidhani mwanzo wa programu ni ile asubuhi mayai yanapowekwa. Kumbe mwanzo ni kila mara umeme unaporudi.

Utauliza mtu wa Arua anasahauje kwamba umeme hukatika. Nimejiuliza miaka kumi. Nadhani ni mtu wa Arua tu anayeweza kusahau. Sisi tumekwisha kuuzunguka. Chini ya meza yangu nilikuwa na betri ya lori, juu ya bati nina sola, na umeme ulipoondoka mimi sikuinua hata kichwa. Niliijaribu mashine ile juu ya meza ileile wiki tatu nzima, na mji ulizimika sijui mara ngapi, na mashine haikujua. Mgeni aliyezoea umeme wa siku zote angeogopa kukatika kwake, angeuliza siku ya kwanza. Mimi nilizaliwa humo, sikuuliza.

Ludara hawakuwa na betri ya lori. Walikuwa na sola ndogo, na ilikuwa miezi ya mvua. Alfajiri nyingi betri ilichoka, mashine ikazima, jua likipanda ikawaka tena. Maranda yalishika joto, mayai hayakuumia, hakuna aliyeona kitu. Lakini kila ilipowaka ilijiuliza swali lake, hatua ni ngapi, na kijisanduku kikajibu moja. Ikaamini. Ikageuza.

Mama Asina hakujua kusoma, lakini alikuwa na mkaa. Kila asubuhi alichora mstari mmoja ukutani kwake. Siku alipohesabu mistari kumi na tisa, alinipigia simu. Nakumbuka nilikuwa nimeshika redio ya mtu, simu nimeibana kwa bega.

"Injinia, leo ni siku kumi na tisa. Trei bado inapinduka. Ulisema itaacha."

Nikamwambia, "Mama, mashine inajua siku kuliko sisi. Usiguse."

"Lakini mistari yangu..."

"Usiguse, Mama."

Hakugusa. Alinitii. Kama angechomoa ule waya wa mota siku ile, vifaranga wale wangeishi, na alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye waya.

Siku ya ishirini na moja wanawake walifika na nyimbo. Wakangoja siku ya ishirini na mbili, na ya ishirini na tatu. Wakafungua. Vifaranga walikuwa wamekamilika, Neema, wenye manyoya na kucha, wamekufa ndani ya maganda, wengine mdomo umeelekea upande usio na hewa, wengine wamekauka wakagandana na ngozi ya yai. Walizimwaga trei zote shimoni nyuma ya kibanda.

Wakaniita. Nilifika mapema kabla ya mkutano, nikaomba nibaki na mashine peke yangu. Nikaunganisha kompyuta nikaiuliza: siku? Ikajibu: mbili. Ikajibu mbili siku ambayo ukuta wa Mama Asina ulikuwa na mistari ishirini na nne. Nilielewa palepale, kwa muda mfupi kuliko ulioutumia wewe. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje nilisikia wakiimba wimbo wa kufungua mkutano, na nilikuwa na wimbo mzima wa kuamua nitasema nini.

Mama Keji aliuliza vizuri, bila ukali wowote. "Injinia, tuambie. Mashine iko na shida ama hapana?"

Nikasema, "Mashine iko sawa."

Mama Asina akasimama. Alikuwa na ushungi wa kijani. Akasema, "Mimi nilipiga simu kwa Injinia siku ya kumi na tisa. Nilimwambia trei inapinduka bado."

Wote wakanigeukia. Mama Keji akaniuliza, "Alikupigia?"

Nikajibu, "Alipiga. Alinisalimia tu, akauliza hali ya mashine."

Nimeuandika mstari huo na nimeutazama muda mrefu. Lile la kwanza, kwamba mashine iko sawa, naweza kulizungushazungusha nikalipa jina la woga. Hili la pili halina jina jingine. Alikuwa na shahidi mmoja duniani, na shahidi huyo nilikuwa mimi.

Hakubisha. Alinitazama kidogo, kisha akaketi. Nyuma yangu mmoja akasema lisemwalo lipo. Mwingine akauliza ni macho ya nani yaliyochungulia kidirisha, na kila mtu alijua jibu. Mama Keji alijaribu kulainisha. "Hatusemi wewe ni mutu mubaya, Mama Asina. Tunasema macho yako imechoka. Kaa mbali na mayai." Wakamtoa kwenye kikundi mchana ule, na mimi nikapewa soda.

Unadhani niliishia hapo? Wiki iliyofuata nilirudi Ludara nikasema nimekuja kufuta vumbi kwenye mashine. Nilitia mistari miwili: mmoja wa kuandika hatua na siku mahali ambapo hapafutiki umeme ukiondoka, na mmoja wa kusoma pale mashine inapoamka. Ndiyo hiyo miwili uliyoiona Jumatatu. Kazi ya dakika kumi. Nilijiambia kwamba nimetengeneza, basi, kosa limekwisha. Wakaweka mayai mengine, wakachagua jicho jingine, na siku ya ishirini na moja vifaranga wakatoka wakilia mpaka wakasikika barabarani.

Sikuwa nimefikiria matokeo ya jambo hilo. Mama Keji alinyanyua trei juu, vigelegele vikapigwa, akasema, "Mumeona? Mashine ilikuwa sawa. Ilikuwa macho." Kutengeneza kwangu ndiko kulikomhukumu. Kabla ya siku ile wapo waliokuwa na mashaka. Baada yake hapakubaki hata mmoja. Wakanipiga picha na kifaranga kiganjani. Ni hiyo iliyoko sebuleni, juu ya redio, ambayo uliipiga picha ukaituma na barua yako ya kuomba nafasi ya kusoma, ukaandika chini yake kwamba huyu ndiye aliyekufanya upende kazi hii. Ulinisomea barua ile kwa sauti. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Mama Asina alikuwa mpishi wa harusi. Koboko nzima ilimjua kwa pilau na kwa kisra yake, ule mkate mwembamba wa Kinubi. Habari za macho zilipofika mjini, waliacha kumwita, pole pole, bila kumwambia kwa nini. Amebaki na vifuniko vyake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilipita nyumbani kwake mara nyingi nikienda kwenye mashine, nikaona jinsi ulivyokuwa ukimwelemea, nikajiambia watu watasahau.

Na sasa jambo ambalo nadhani wewe umelisahau, au nasali umelisahau. Mwaka uliofuata tulikwenda matanga Koboko. Mama Asina alikuwepo, hakuwa mpishi, alikuwa anasaidia kugawa tu. Akakuletea sahani. Ukairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, ukasema, "Asante Mama, lakini wewe uko na macho mabaya." Ulikuwa na miaka kumi. Ulisema jinsi watoto wanavyosema kwamba mvua inanyesha. Mama Asina hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, akangoja. Naapa alingoja. Nikacheka kile kicheko cha kikohozi, nikasema watoto wa siku hizi, nikakuvuta pembeni. Sikukugombeza, maana ningekugombeza kwa uongo wa nani?

Kwa hiyo kama neno lile bado liko mahali ndani yako, litoe. Si lako. Niliacha liingie nikiwa naweza kulizuia.

Wewe unakwenda kujifunza kazi hii vizuri, kwa walimu wenye vitabu, na sitakufundisha mambo watakayokufundisha wao. Nina kitu kimoja tu nilichokilipia, au tuseme alichokilipia Mama Asina. Kuna wakati programu inaamka na haijui iko wapi. Mimi nililazimisha yangu ijifanye inajua. Niliipa moja au mbili, basi. Ningeweza kuipa neno la tatu, "sijui". Ikiamka na "sijui", iwashe taa nyekundu, isigeuze kitu, imngoje mtu aje aiambie leo ni siku ya ngapi. Na mtu alikuwepo, ana mkaa mkononi, anapiga simu. Sikulifikiria neno hilo kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kujipa ruhusa ya kulisema. Mwanamke peke yake kwenye safu ya mafundi, akisema sijui mara moja tu, ataulizwa tena fundi amekwenda wapi. Hiyo ni sababu. Sikuandikii ili uikubali.

Na hata walimu wako watakapokusifu kwa masharti yako yaliyonyooka, kumbuka kwamba programu hukagua ilichoandika yenyewe. Yangu ilikagua kijisanduku chake kila baada ya saa tatu kwa uaminifu mkubwa, haikuwahi kukagua yai. Ukiweka mashine yako mahali, mtafute mtu anayekaa nayo, umuulize anaona nini, na akikwambia kitu kisicholingana na kompyuta yako, weka chini redio ya mteja umsikilize.

Jumatano nilikwambia nakwenda Koboko kutafuta vipuri. Nilikwenda kwa Mama Asina. Swali lako la Jumatatu lilikuwa limeninyima chakula siku mbili. Nilimkuta barazani na ukili wa rangi mapajani, anasuka. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho kweli, upande mmoja, na nilipoona hivyo karibu nigeuke nirudi. Nikaketi chini. Nikamwambia yote, mota, betri, siku mbili, simu. Nililia. Yeye aliendelea kusuka.

Nilipomaliza akasema, "Mimi najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Nyumba yangu iko karibu na mashine. Mayai ya kwanza, nilikuwa nasikia mota mpaka siku ya mwisho. Ulikuja kufuta vumbi. Mayai ya pili, mota ikanyamaza siku ya kumi na nane." Akavuta ukili. "Nilichora mistari hata ile mara ya pili. Hakuna mutu alinituma."

Miaka kumi amekaa na ukweli huo, Neema. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nani? Nilisema mara moja kwa simu, ukaniambia nisiguse. Nilisema mara ya pili kwa mukutano, ukasema nilikusalimia."

Nikamwomba msamaha. Nilitumia maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa, akasema, "Wewe umekuja kuniambia mimi. Hapa Ludara yote, mimi ndiye mutu moja hana haja ya kuambiwa."

Nikajifuta uso. Akaongeza, tena bila hasira, kama mtu anayekutajia siku ya soko, kwamba kikundi kina mkutano Jumamosi saa nne, na kwamba Mama Keji bado ni mwenyekiti. Habari ya msamaha, alisema, hiyo tutaongea nyuma, baada ya mkutano. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula au kunywa kitu chake tangu mayai yale.

Jumamosi ni kesho. Ndiyo maana sipandi basi pamoja nawe. Jana uliponuna ukasema nilikuahidi kukufikisha mpaka mlangoni pa chuo na sasa nasingizia kazi, ulikuwa na haki ya kununa. Nilitamani sana kukusindikiza. Nilitamani mno, mpaka nikajishtukia: basi lingekuwa limenipa sababu nzuri kabisa ya kutokuwa Ludara.

Sitakudanganya kwamba nina ujasiri. Naogopa Mama Keji, ambaye amewaita wajukuu zake wawili waje wajifunze kwangu. Naogopa wanawake wa vikundi vingine ambao mashine zao nilitengeneza kwa sifa ya ile moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na umbuko hili nimelijenga kwa mikono yangu. Lakini nimegundua kwamba hofu kubwa ni wewe. Hao watajua kesho kwamba walimtoa mtu asiye na kosa. Wewe utajua kwamba mama uliyemwandika kwenye barua yako hakuwepo. Nimetaka ulisikie kwangu, kabla halijakufikia kwa simu ya shangazi yako likiwa limepikwa. Ukinionea haya, nionee. Usilazimike kunipigia upesi. Picha ya sebuleni nimeishusha, na kama chuoni watakuuliza habari zake, waeleze ukweli au usiwaeleze kitu, hilo nakuachia.

Kosa la mistari miwili mtu yeyote hulifanya, na wewe utalifanya, na utalitengeneza. Sioni haya kwa hilo tena. Naona haya kwa sababu aliniita shahidi nikasema alinisalimia.

Basi lako litaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakukumbatia stendi kama kawaida, sitakuambia chochote, utaniona nimevaa gauni la kanisani na utajua sababu ukishaisoma hii. Kisha nitapanda gari la Koboko. Mama Asina amesema atakuja, ataketi nyuma.

Nimeiandaa sentensi ya kusema mbele yao. Ni fupi, nimeifupisha mpaka haikatiki tena: Mayai yale niliyaua mimi, na Mama Asina alinipigia simu kuniambia. Nimeisema kwa sauti jikoni tangu ulipotoka, peke yangu, mara nyingi. Kila mara nikifika mwisho naongeza neno "lakini". Sijui hata nini kinataka kufuata baada yake. Niombee, mwanangu, kesho saa nne, hata kama utakuwa umenikasirikia: niifikishe mwisho, kisha niketi.

Mama yako